Nusu tani au robo tatu tani? Mwongozo wa kuchagua SUV kubwa ya safari za familia Marekani

Watoto wakishafika watano, na bibi akaja kutoka nyumbani kukaa miezi sita, ile minivan iliyotosha miaka yote huanza kubana. Hapo ndipo wengi wetu tunaoishi Marekani huanza kutazama Suburban, Yukon XL, Expedition Max, Sequoia, na hata Excursion za zamani. Na ukianza kuuliza tu utakutana na mvutano: mmoja atakuambia nusu tani inatosha, mwingine ataapa kwamba bila robo tatu tani unaihatarisha familia.

Kwa asili, nusu tani lilikuwa gari la kubeba pauni 1,000, maana tani ya Marekani ni pauni 2,000, na robo tatu tani lilibeba pauni 1,500. Hesabu hiyo ilishapitwa na wakati, imebaki kuwa daraja tu. Kwa Chevrolet (Suburban, Tahoe) na GMC (Yukon), zote za kampuni ya GM, 1500 ni nusu tani na 2500 ni robo tatu. Excursion ilijengwa juu ya chesisi ya familia ya F-250, pikapu nzito ya Ford, kwa hiyo ni robo tatu. Expedition, Tahoe, Sequoia na Armada zote ni nusu tani. Ukitaka kulitambua gari la GM uwanjani kabla muuzaji hajafika, hesabu nati za gurudumu: 1500 ina sita, 2500 ina nane.

Nauweka wazi msimamo wangu mapema. Familia nyingi zinahitaji nusu tani. Robo tatu tani ni ya familia inayojaza viti vyote na kuvuta trela nzito kwa wakati mmoja, tena mara kwa mara. Lakini usinunue kwa neno langu. Fuata hatua hizi kwa namba za familia yako, maana mahali pa kukosea ni pengi na barabarani mna watoto.

Hatua ya 1: Pima familia kabla ya kupima gari

Chukua mizani ya bafuni na karatasi. Andika uzito wa kila mtu akiwa amevaa nguo na viatu, halafu viti vya watoto, halafu mizigo yote. Watu huandika abiria, wakasahau vitu vingine, na vitu vingine ndivyo vinavyojaza gari.

Tuchukue familia ya watu wanane inayotoka Minneapolis kwenda harusini Dallas, njia ya I-35, karibu maili 950. Baba pauni 200, mama 170, bibi 160. Watoto watano: 120, 95, 70, 50 na 35. Watu peke yao ni pauni 900. Viti viwili vikubwa vya watoto na kimoja cha kuinulia, pauni 60. Mabegi manane ya pauni 30 kila moja, 240. Kasha la barafu lenye vinywaji, 70. Kigari cha mtoto, 30. Chakula, zana na vikorokoro, 50. Jumla pauni 1,350, na bado hujafunga trela wala hujaweka kitu kwenye keria.

Umri wa watoto uingie kwenye hesabu. Mvulana wa miaka 11 mwenye pauni 95 leo atakuwa na 150 kabla hujamaliza mkopo wa gari. Kama utalitumia gari miaka mitano, ongeza pauni 200 kwa watoto wanaokua.

Hatua ya 2: Fungua mlango wa dereva usome

Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna vibandiko viwili. Kile cha matairi, chenye utepe wa njano, hutaja kwa kilo na kwa pauni uzito wa juu kabisa wa watu na mizigo vikijumlishwa. Hiyo ndiyo namba inayokuhusu. Ni ya gari lile lile lililo mbele yako, pamoja na paa lake la kioo, viti vyake vya umeme na 4x4 yake. Suburban mbili za mwaka mmoja zinaweza kutofautiana kwa zaidi ya pauni 150 kwa sababu ya mapambo tu, na ile ya bei kubwa ndiyo hubeba kidogo.

Magari ya kabla ya katikati ya miaka ya 2000 mara nyingi hayana namba hiyo. Hapo soma kibandiko cha pili, kilichoandikwa GVWR, yaani uzito wa juu wa gari na vyote vilivyomo, kisha toa uzito wa gari lenyewe likiwa na tangi limejaa.

Nusu tani ndefu kama Suburban 1500 kwa kawaida hutoa kati ya pauni 1,500 na 1,700. Familia yetu ya Dallas, na pauni zake 1,350, inaingia. Suburban 2500 ya miaka ya 2007 hadi 2013 ina GVWR ya pauni 8,600, na ukitoa gari lenyewe hubaki takriban 2,200 hadi 2,500. Hapo tofauti ya madaraja inaonekana kweli.

Kisha iangalie Excursion ya dizeli yenye 4x4. Ni robo tatu tani halisi, ina springi za vyuma bapa mbele na nyuma, na ukiisimamia mbele unaona inaweza kubeba nyumba. Lakini ikiwa tupu tu ina zaidi ya pauni 7,000, na ukomo wake ni 9,200. Ukitoa uzito wa injini ile ya dizeli na vyuma vyote, kinachobaki kwa familia hakizidi sana kile cha Suburban 1500. Inavuta vizuri kuliko inavyobeba. Kwa hiyo hata ukiambiwa gari ni la daraja gani, rudi mlangoni usome.

Kuna jambo moja ambalo mafundi na wauza vifaa hulipitisha haraka. Springi za hewa za kuongeza nyuma, shokamzoba nzito, matairi ya kubeba zaidi: vyote husaidia gari lisiiname na liendeshwe kwa utulivu, lakini hakuna hata kimoja kinachobadilisha namba ya mlangoni. Breki, ekseli na chesisi ni zile zile.

Hatua ya 3: Ingiza trela kwenye hesabu ya watu

Hapa ndipo familia nyingi huharibikiwa, kwa sababu tangazo la gari hutaja uwezo wa kuvuta peke yake. Utasoma kwamba Suburban 1500 huvuta karibu pauni 8,000 na Expedition mpya zaidi ya 9,000 ikiwa na vifaa kamili vya kuvutia. Unaona trela ya kambi ya pauni 5,000 na unasema nafasi ipo tele.

Trela haivutwi tu, nayo hubebwa. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake hukaa juu ya kiungio nyuma ya gari, na ikikaa chini ya hapo trela huanza kuyumba barabara kuu. Trela ya pauni 5,000 kwa asilimia 12 ni pauni 600. Ongeza kiungio chenyewe chenye vyuma vya kugawa uzito, pauni 80. Familia yetu ya 1,350 sasa ni 2,030. Suburban 1500 yenye ukomo wa 1,600 imepitiliza kwa pauni 430, ingawa trela iko mbali sana na ule uwezo wa 8,000. Suburban 2500 inaibeba na nafasi kidogo inabaki.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa trela unayoikusudia, na tumia uzito wa trela ikiwa imejaa. Uzito wa kiwandani hauna maji, mitungi ya gesi, vyombo wala baiskeli.

Milima nayo ina neno lake. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000 unazopanda. Ukifika handaki la Eisenhower kwenye I-70 huko Colorado, futi zaidi ya 11,000, karibu theluthi ya nguvu imekwenda. Injini ya EcoBoost ya Expedition ina turbo mbili, kwa hiyo hupoteza kidogo tu, na kwa mtu wa Denver hilo ni jambo la kuzingatia. Kushuka ndiko kunakonipa wasiwasi kuliko kupanda: breki kubwa za robo tatu tani na giaboksi nzito hustahimili joto zaidi. Kwa daraja lolote, trela ya zaidi ya pauni 3,000 iwe na breki zake yenyewe, na majimbo mengi yanataka hivyo kisheria.

Kama huna trela, na huna mpango wa kweli wa kuwa nayo, hatua hii imekuamulia. Chukua nusu tani. Ukilazimika kuvuta mara moja kwa mwaka, kodi gari la siku hizo au wagawe abiria katika magari mawili.

Hatua ya 4: Jiulize uko tayari kununua gari la mwaka gani

Jambo hili husahaulika, nami naliona ndilo zito kuliko yote. Excursion ilikoma mwaka 2005. Suburban 2500 na Yukon XL 2500 zilikoma na toleo la 2013. Kati ya 2016 na 2019 GM ilitoa Suburban 3500HD, lakini ilielekezwa kwa serikali na makampuni, na si rahisi kuipata. Kwa mtu wa kawaida, kuchagua robo tatu tani ni kuchagua gari la zamani.

Uzee huo unagusa watoto moja kwa moja. Kiti cha kuinulia mtoto hakitumiki na mkanda wa kiunoni peke yake, sharti mkanda upite begani. Katika magari ya zamani kiti cha katikati, hasa safu ya tatu, mara nyingi kina mkanda wa kiunoni tu. Sheria iliyotaka mkanda wa bega katikati ilikamilika kutekelezwa Septemba 2007. Excursion ya viti tisa, kwa familia yenye watoto watatu wa viti vya kuinulia, inaweza isiwe gari la watu tisa kabisa. Viungio vya chuma vya kufungia viti vya watoto vililazimishwa Septemba 2002, kwa hiyo gari la 2000 au 2001 linaweza kukosa.

Mfumo wa kielektroniki unaolizuia gari lisiteleze na kupinduka ulilazimishwa kuanzia matoleo ya 2012, na Excursion haikuwahi kuwa nao. Gari refu la juu, limejaa watoto, usiku wa mvua: ningeutaka mfumo huo kabla ya kutaka springi ngumu. Kamera ya nyuma ililazimishwa Mei 2018, na kwa gari lenye urefu wa futi karibu 19 linalorudi nyuma kwenye uwanja ambamo watoto wanacheza, si anasa.

Ukiwa huna trela nzito, nusu tani ya 2018 inawalinda watoto kuliko robo tatu tani ya 2004. Hilo nalisema bila kusita.

Hatua ya 5: Mafuta, mgongo na maegesho

Suburban 1500 ya injini ya lita 5.3, toleo la 2011 hadi 2013, ilipewa na EPA, idara ya serikali ya mazingira, maili 15 kwa galoni mjini na 21 barabara kuu kwa gari linaloendeshwa na magurudumu mawili. Kabla ya toleo la 2011 magari yenye GVWR ya zaidi ya pauni 8,500 hayakuwekewa kibandiko cha mafuta, kwa hiyo 2500 nyingi hazina namba rasmi. Wenye nazo kwa kawaida hutaja maili 10 hadi 14. Kwa safari yetu ya Dallas, 20 kwa galoni ni galoni 48 kwenda, na 13 kwa galoni ni 73. Kwenda na kurudi tofauti ni kama galoni 50. Kwa mwaka wa maili 15,000, ukilinganisha 17 na 12, unaongeza galoni karibu 370, na kwa dola 3.50 kwa galoni hiyo ni kama dola 1,290. Tangu 2021 Suburban 1500 inapatikana na dizeli ya lita 3.0, inayovuka maili 20 kwa galoni bila shida, na kwa watu wa safari ndefu ndiyo ningeitazama kwanza.

Springi za 2500 nyuma ni za vyuma bapa. Likiwa tupu linarusha, na bibi aliyekaa safu ya tatu atakuambia kabla ya Des Moines. Likijaa hutulia. Nusu tani za sasa, Expedition tangu 2003 na Suburban tangu 2021, kila gurudumu la nyuma lina springi yake huru, sakafu ikashuka na mtu mzima anakaa safu ya tatu bila magoti kugusa kidevu.

Nafasi ya mabegi nyuma ya safu ya tatu usiidharau. Suburban ya 2021 ina futi za ujazo 41.5, Tahoe ya mwaka huo huo 25.5, na Tahoe ya 2015 hadi 2020 ina 15.3 tu. Zote ni nusu tani. Mwenye Tahoe akishajaza viti, mabegi huenda juu ya paa, na keria ya magari haya mara nyingi ina ukomo wa pauni 200. Mzigo wa juu pia huongeza hatari ya kupinduka. Kwa familia ya watu wanane, urefu wa gari utakusaidia kuliko daraja lake.

Hatua ya 6: Gari lipi hasa

Kwa nusu tani ya bei ya kati, Suburban au Yukon XL ya 2015 hadi 2020 ni chaguo zuri, ukiwa macho na kitu kimoja: lita 5.3 tangu 2007 huzima baadhi ya silinda ili kuokoa mafuta, na lifta (visukuma valvu) za mfumo huo hufa, hasa kwa gari lililocheleweshewa oili. Dai kumbukumbu za oili. Kwa Expedition, iepuke ile ya 5.4 yenye valvu tatu, 2005 hadi 2014, kama huna fundi unayemwamini, kwa sababu ya vifaa vya kuzungusha muda wa valvu na, kwa zile za mwanzo, plagi zinazokatikia ndani. EcoBoost ya 3.5 ilianza 2015. Kwa GM mpya yenye lita 6.2, hakikisha suala la kurudishwa kiwandani limeshughulikiwa: Aprili 2025 GM iliita magari karibu 600,000 Marekani, ya 2021 hadi 2024, kwa kasoro za ndani ya injini hiyo.

Kwa robo tatu tani, Suburban 2500 au Yukon XL 2500 ya 2007 hadi 2013 ndiyo jibu langu. Ina lita 6.0 isiyozima silinda, na giaboksi ya gia sita. Ile ya 2001 hadi 2006 yenye lita 8.1 huvuta kwa nguvu sana, na hunywa vivyo hivyo. Excursion ya dizeli ya lita 7.3 inasifiwa kwa haki, na ndiyo maana bado ina bei. Ile ya lita 6.0 ya dizeli, 2003 hadi 2005, ina historia ya vipoza moshi na gasketi za silinda, usiichukue bila fundi wa dizeli kuifungua.

Na kabla hujafunga shauri, iangalie van ya watu 12, kama Ford Transit 350. Hubeba watu na mizigo kuliko SUV yoyote hapa, na hupatikana mpya. Van za viti 15 zikijaa zina hatari kubwa ya kupinduka, na NHTSA, shirika la serikali la usalama barabarani, imeonya juu yake kwa miaka mingi.

Kwa anayewaza kulipeleka gari nyumbani baadaye: Kenya haisajili magari ya kawaida yenye usukani wa kushoto, na mtumba haupokelewi ukizidi miaka 8. Usilinunue kwa mpango huo.

Hatua ya 7: Ukaguzi

Weka namba ya gari yenye tarakimu na herufi 17 kwenye tovuti ya NHTSA uone kama kuna marekebisho ya bure yanayosubiri. SUV kubwa za GM za 2007 hadi 2014 zilihusishwa na mifuko ya hewa yenye kasoro ya Takata upande wa abiria, kwa hiyo hakikisha mfuko ulibadilishwa.

Kisha lala chini ya gari. Minnesota, Ohio na New York hutumia chumvi barabarani wakati wa theluji, na chumvi hula chesisi na mabomba ya breki. Bomba la breki lenye kutu ni sababu ya kuondoka, au ya kupunguza bei kwa gharama yote ya kulibadilisha. Angalia kiungio cha trela: kikiwa kimelika ndani na kung'aa, gari limevuta sana, na unahitaji kujua oili ya giaboksi ilibadilishwa lini. Kwenye tairi soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT, 3519 ni wiki ya 35 ya 2019. Zaidi ya miaka sita, weka gharama ya matairi mapya kwenye bei. Kwa 2500 matairi yawe ya daraja E, wala si ya gari dogo yaliyowekwa ili gari liuzike.

Njoo na viti vya watoto wako. Vifunge vyote kwa wakati mmoja, safu ya pili na ya tatu, uone kama milango inafunga na kama mtoto mkubwa anaweza kufika nyuma bila kuondoa kiti cha mdogo. Muuzaji atakusubiri. Asiyetaka kusubiri, ondoka.

Hatua ya 8: Lipeleke kwenye mizani

Ukishalinunua, kabla ya safari ya kwanza, lipakie kama unavyosafiri, watu wote ndani, tangi limejaa, trela imefungwa. Nenda kwenye kituo cha malori chenye mizani ya CAT. Simamisha magurudumu ya mbele kwenye bamba la kwanza, ya nyuma kwenye la pili, trela kwenye la tatu. Utapewa karatasi yenye uzito wa kila sehemu na jumla.

Linganisha uzito wa ekseli ya mbele na ya nyuma na namba za GAWR kwenye mlango, yaani uzito wa juu wa kila ekseli, kisha jumlisha ekseli mbili za gari ulinganishe na GVWR. Kama ekseli ya nyuma imezidi lakini jumla iko sawa, sogeza mzigo mbele au kaza vyuma vya kugawa uzito, urudi kupima. Kama jumla yenyewe imezidi, mzigo ushuke: maji ya trela kwanza, kisha kasha la barafu, kisha mabegi yaende kwa gari la shemeji anayefuata nyuma. Jaza upepo kwa kipimo cha mlangoni matairi yakiwa baridi, kisha baada ya maili 50 za mwanzo simama ukague nati za magurudumu, kiungio, na joto la matairi kwa mkono.